Jinsi ya kuandaa orodha ya watu maarufu waliofariki ndani ya mwaka bila kuaibika (mwongozo kamili, mfano wetu 2024)

Tarehe 31 Desemba 2024 jioni nilikuwa nimekaa studio ya redio moja ndogo, nimeitwa tu kusoma majina ya watu maarufu waliotutoka mwaka ule. Karatasi zangu mbili nilikuwa nimeshaprinti tangu tarehe 20, ziko kwenye faili, najiona mtu wa mipango kwelikweli. Nikasoma mpaka mwisho, safi kabisa. Kipindi hakijaisha simu ikaingia, mzee mmoja, sauti ya Unguja kabisa, nikampa shikamoo, akaitika marahaba halafu akauliza: "Mwanangu, Jamshid umemsahau au hujui kama kafa jana?"

Nilikuwa sijui. Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024 akiwa na miaka 95. Siku moja kabla yake, tarehe 29, kaondoka Jimmy Carter rais wa zamani wa Marekani akiwa na miaka 100. Wote wawili kwenye karatasi yangu hawamo. Mimi nimesoma majina hewani kwa madaha kabisa na mtu aliyewahi kuwa mfalme wa nchi ambayo leo ni nusu ya Muungano wetu nimemruka, na aliyenigundua ni msikilizaji.

Toka siku hiyo nimebadilisha namna ya kufanya hii kazi, na kwa kuwa watu huwa wananiuliza (walimu wa historia, watu wa redio za jamii, madmini wa magrupu ya WhatsApp) nimeona niandike yote hapa. Nitatumia 2024 maana ndo mwaka ulionifunza, ila njia ni ileile hata ukitaka 1999 au mwaka mwingine wowote.

Hatua ya 1: Chora mipaka kabla hujaandika jina hata moja

Ukianza na majina umekwisha. Anza na swali, orodha hii ni ya nani? Msikilizaji wa Dar, wanafunzi wa Mombasa, jumuiya ya Watanzania walioko Oman, hao ni watu tofauti na maarufu wao ni tofauti.

Mimi nagawa duara tatu. Duara la ndani ni nyumbani, nchi yangu. La pili ni majirani na Afrika. La tatu ni dunia. Nikiwa na nafasi ya majina 30 basi 15 yatoke nyumbani, 10 Afrika, 5 dunia, na simruhusu mtu wa duara la tatu amle nafasi mtu wa duara la kwanza hata awe staa wa namna gani. Nasema hivi kwa sababu ukiachia mtandao ukuchagulie, utaletewa waigizaji wa Marekani arobaini na Lowassa humuoni. Si kosa la mtandao, ni kwamba walioandika zile orodha hawaishi kwetu.

Halafu nani ni "maarufu"? Kipimo changu ni hiki: je kuna mtu ambaye si ndugu yake, si jirani yake, si mwanafunzi wake, ambaye miaka kumi ijayo atakuwa na sababu ya kumtafuta? Kama yupo, ingiza. Umaarufu wa wiki moja wa video iliyosambaa, mimi siingizi. Utagombana na watu hapa, we gombana tu.

Hatua ya 2: Tengeneza shiti, daftari peke yake halitoshi

Fungua Excel au Google Sheets, hata kwa simu. Safu ninazoweka mimi: jina kamili, jina alilojulikana nalo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki, umri, alipofia, alipozikwa, alikuwa nani kwa sentensi moja, nani alitangaza, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili, na safu ya mwisho nimeiita "hali", humo naandika BADO au TAYARI. Jina lenye BADO halisomwi hewani hata kama Dar nzima inalia.

Umri usihesabu kwa kichwa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wetu wa pili, kazaliwa 8 Mei 1925, kafariki 29 Februari 2024. Ukitoa mwaka kwa mwaka unapata 99 na utaandika 99 kwa kujiamini kabisa, kumbe alikuwa hajafika Mei, ni 98. Weka fomula hii, tuseme kuzaliwa iko safu ya C na kufariki safu ya D:

=DATEDIF(C2,D2,"Y")

Kama inakataa badilisha koma ziwe nuktamkato, kuna mashine zinataka hivo. Ila ukifanya miaka ya kale jua kwamba Excel haizitambui tarehe za kabla ya 1900, hapo itabidi uhesabu kwa mkono.

Sasa mtego mkubwa wa shiti, huu ulinipotezea nusu siku. Kompyuta nyingi zinakuja zimewekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Lowassa alifariki 10 Februari 2024, we ukiandika 10/2/2024 yenyewe inasoma 2 Oktoba. Kelvin Kiptum, mkimbiaji wa marathon wa Kenya, 11/2/2024 inakuwa 2 Novemba. Na haikuambii kitu! Ukija kupanga kwa tarehe unakuta watu wa Februari wamehamia mwisho wa mwaka. Mwinyi ndo aliyenifumbua macho, 29/2/2024 yake ilikaa upande wa kushoto wa kisanduku wakati wenzake wako kulia, kwa sababu mwezi wa 29 haupo kwa hiyo shiti ikaiona kama maneno tu. Maandishi yakikaa kushoto ujue hiyo si tarehe. Dawa yake andika mwaka kwanza, 2024-02-10, haichanganyi, au ingia mipangilio ya faili ubadilishe nchi.

Hatua ya 3: Kusanya majina mwezi kwa mwezi

Usijaribu kukumbuka mwaka mzima kwa mkupuo. Chukua mwezi mmoja, ukae nao. Tuchukue Februari 2024 maana ulikuwa mwezi mzito kweli.

Tarehe 4 Rais Hage Geingob wa Namibia, Windhoek, miaka 82. Tarehe 10 Edward Lowassa, waziri mkuu wetu kuanzia mwisho wa 2005 mpaka alipojiuzulu Februari 2008, akafia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar. Kesho yake tarehe 11 usiku Kelvin Kiptum, miaka 24 tu, ajali ya gari barabara ya Kaptagat kwenda Eldoret, yeye na kocha wake Gervais Hakizimana kutoka Rwanda. Halafu mwezi unamalizia na Mzee Mwinyi, tarehe 29. Waziri mkuu, mshika rekodi ya dunia na marais wawili ndani ya siku 26. Ukifanya kwa kichwa lazima mmoja akuponyoke, na mara nyingi anayeponyoka ni kocha, kwa sababu kafa siku moja na mtu mkubwa kuliko yeye. Hakizimana nilikuja kumwongeza baadaye kwenye mstari wake mwenyewe.

Kutafuta mtandaoni, tafuta kwa Kiswahili chetu. Andika "amefariki dunia" na mwezi na mwaka, kisha "tanzia", kisha "kuagwa", kisha "mazishi", na kwa watu wa pwani na visiwani "maziko" na "taazia". Kila neno linaleta watu wake. Ukitafuta "mazishi" peke yake Waislamu wengi utawakosa maana habari zao zimeandikwa maziko. Rudia kwa Kiingereza ndo uwapate wa nje.

Miezi mingine ya 2024 naipitisha haraka. Aprili 18 Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, ajali ya helikopta Elgeyo Marakwet yeye na wanajeshi wengine tisa. Mei ni Ebrahim Raisi rais wa Iran, naye helikopta. Juni 15 mchekeshaji Fred Omondi, ajali ya barabarani Nairobi. Septemba 5 mkimbiaji Rebecca Cheptegei wa Uganda, na mwisho wa mwezi tarehe 30 Dikembe Mutombo, mchezaji wa kikapu. Afrika Kusini waliondokewa na mawaziri wa fedha wa zamani wawili kwa kupokezana, Pravin Gordhan Septemba na Tito Mboweni Oktoba. Novemba 3 Quincy Jones, mwanamuziki wa Marekani, na Novemba 27 Dk Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni, akiwa India kwa matibabu, miezi mitatu tu baada ya kuchaguliwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, hata ofisini hajaingia.

Kwa miaka ya zamani mtandao hautoshi. Nenda Maktaba Kuu ya Taifa Dar, au Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, omba magazeti ya mwaka unaoutaka upitie kurasa za ndani, matangazo ya vifo yako huko. Vaa nguo usiyoihurumia, vumbi lipo. Na uliza wazee. Mzee wa kijiwe cha kahawa anakumbuka mwimbaji wa taarabu kafa mwaka gani kwa kuhesabu ni mwaka uleule aliomuoza binti yake, na ukienda kuangalia gazeti unakuta kapatia.

Hatua ya 4: Thibitisha kwamba kweli amekufa

Unacheka? Juni 2024 Noam Chomsky, yule mtaalamu wa lugha wa Marekani, alizushiwa kifo, majarida makini kabisa yakatoa tanzia, mke wake akajitokeza akasema mzee yupo hai. Kama wao wamepigwa chenga na wahariri wao wote, mimi na wewe na simu zetu za kioo chenye ufa ni akina nani.

Kinachosaidia ni kuuliza nani alitangaza. Kwetu vifo vya wakubwa vina mtangazaji wake. Mwinyi alitangazwa na Rais Samia mwenyewe jioni ileile. Lowassa alitangazwa na Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango. Ndugulile, kwa kuwa ni mbunge, katangazwa na Spika wa wakati huo, Tulia Ackson. Ogolla katangazwa na Rais Ruto. Sasa ukipata posti inasema kiongozi fulani mstaafu kafariki na aliyetangaza ni akaunti yenye picha ya bendera na namba nane mwishoni, subiri.

Vyanzo viwili viwe viwili kweli. Tovuti kumi zilizokopiana sentensi hadi kosa la tahajia ni chanzo kimoja. Angalia kama zina maelezo ambayo mwenzake hana. Na ukipiga skrini shoti hakikisha tarehe ya posti inaonekana, la sivo mwakani utajikuta unabishana na picha yako mwenyewe.

Hatua ya 5: Tarehe, hapa ndo penyewe

Kosa nililoliona mara nyingi zaidi kwenye orodha za watu ni la siku moja. Kafariki 11, wao 12. Sababu zake ni tatu nne hivi.

Ya kwanza ni usiku. Kiptum alipata ajali Jumapili tarehe 11 karibu saa 5 usiku, wengi wetu tumeamka nayo Jumatatu tarehe 12, na kila aliyeposti kaposti tarehe 12. Ukichukua tarehe ya posti umekosea.

Ya pili ni lugha yenyewe, na hii watu wa bara inatupiga sana. Gazeti linaandika "usiku wa kuamkia Jumatano". Huo ni usiku wa Jumanne, unaweza kuwa saa 4 za usiku Jumanne au saa 9 alfajiri ambayo tayari ni Jumatano, huwezi kujua mpaka upate saa. Na mtu wa pwani wa hesabu ya zamani akikwambia "kafa usiku wa Ijumaa" anamaanisha Alhamisi jua likishazama, maana kwake siku inaanza magharibi. Wewe wa bara unaandika Ijumaa. Kwa hiyo nikipokea habari kwa mdomo nauliza moja kwa moja, "kabla ya saa 6 usiku au baada?" na "kesho yake ilikuwa siku gani?" Wanaona nasumbua, lakini ndo kazi.

Ya tatu ni kifo na tangazo kuachana. Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alifariki 8 Juni 2020 na serikali ikatangaza tarehe 9, mpaka leo utakuta orodha zinazomweka 9. Raisi helikopta yake ilianguka 19 Mei 2024 milimani, kwenye ukungu, wakatafutwa usiku kucha, kifo kikathibitishwa tarehe 20. Tarehe inayoandikwa ni 19. Ndo maana kwenye shiti mwenye utata namwongezea safu ya tarehe ya tangazo, nikibishiwa nina jibu.

Ya nne ni saa za dunia. Mtu kafia Marekani jioni, kwetu tayari ni kesho. Andika tarehe ya pale alipofia, si ya pale ulipokuwa umekaa unasoma habari.

Na kama orodha yako ni ya kukumbusha kila mwaka, kalenda ya simu, Mzee Mwinyi anahitaji uamuzi. Tarehe 29 Februari itarudi 2028. Mimi nimemweka 28, mwenzangu kamweka 1 Machi, tumeshindwana tumeacha. Ila amueni moja muandike pembeni kwamba tarehe halisi ni 29.

Hatua ya 6: Sentensi moja ya kila mtu

Hapa ndo unajua nani anaandika na nani anakopi. Tazama hii ya kwangu ya kwanza kabisa: "Kelvin Kiptum, mwanariadha maarufu wa Kenya." Haina kitu. Kenya wanariadha maarufu wamejaa. Nikaandika upya: "Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathon ya Chicago Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, muda ambao mpaka siku ile hakuna mwanaume aliyewahi kuufikia kwenye mbio rasmi, na rekodi ikaidhinishwa siku tano kabla hajafa." Ile ya pili hata asiyefuatilia mbio anaacha kijiko.

Jambo moja kubwa kwa kila mtu, halafu basi. Lowassa ana mengi, uwaziri mkuu, kashfa ya umeme ya Richmond na kujiuzulu, kugombea urais 2015 kwa tiketi ya Chadema, kurudi CCM 2019. Ukitaja uwaziri mkuu tu umeficha, ukitaja Richmond tu umemsulubu marehemu. Mimi nilichagua mbili, alivoondoka 2008 na alivogombea 2015, na mashabiki wa pande zote wakaninunia sawasawa.

Uraia nao unachanganya. Mutombo kazaliwa Kinshasa, akachukua uraia wa Marekani 2006, akajenga hospitali Kinshasa akaipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, akafia Atlanta. Mkongo au Mmarekani? Sibishani, naandika "mzaliwa wa Kinshasa" na yaliyobaki yanajieleza. Cheptegei ni Mganda, kafia Eldoret nchini Kenya, alikokuwa akiishi na kufanya mazoezi ni Kenya, kazikwa Bukwo kwao Uganda kwa heshima za kijeshi maana alikuwa askari. Kuna waliomwandika Mkenya. Na usimchanganye na Joshua Cheptegei, yule wa dhahabu ya mita 10,000 Paris, huyo yu hai.

Maneno ya kifo chenyewe nayo yachunge. Ogolla na Kiptum ni ajali. Rebecca Cheptegei si ajali wala si "mkasa", alimwagiwa petroli akachomwa moto nyumbani kwake siku nne kabla, andika "aliuawa". Ugonjwa usiutaje mpaka aliyetangaza kautaja. Mwinyi unaweza kuandika saratani ya mapafu, Rais alisema kwenye tangazo. Mengine ya kusikia msibani yaishie msibani. "Hayati" tumezoea kwa viongozi, "marehemu" ni ya kila mtu, chagua moja ulitumie kwa wote, maana ukimpa rais hayati na mwimbaji marehemu kuna mtu ataandika kulalamika, na atakuwa na haki.

Hatua ya 7: Kupanga na kusoma

Panga kwa tarehe, usipange kwa vyeo. Ukipanga kwa vyeo utakaa nusu saa unajiuliza jenerali na waziri mstaafu nani mbele. Kwa tarehe mauti yenyewe yameshapanga.

Kama utasoma kwa sauti, soma siku moja kabla ukiwa peke yako, majina ya nje yaandike pembeni kama yanavyotamkwa. Weka pumzi kati ya jina na jina. Kwenye picha, mtu akiwa hai na kavaa vizuri, hakuna jeneza, hakuna gari lililobondeka.

Hatua ya 8: Usifunge mwaka kabla haujaisha

Orodha yangu saivi ina matoleo mawili. La kwanza linaitwa "ya muda", linatoka usiku wa tarehe 31, na juu yake nimeandika hivyo hivyo kwamba ni ya muda. La pili natoa katikati ya Januari, baada ya habari za siku za mwisho kutulia, maana siku zile za Krismasi na mwaka mpya wahariri wako likizo na vifo vinapita chinichini.

Lile la 2024 nililitoa tena tarehe 12 Januari 2025, siku ya Mapinduzi, sikupanga, ilitokea tu ndo siku niliyopata nafasi. Mstari wa mwisho ukasomeka: Jamshid bin Abdullah, alizaliwa Unguja 1929, sultani kuanzia Julai 1963 mpaka alipopinduliwa 12 Januari 1964, akaishi Portsmouth Uingereza zaidi ya miaka 50, akaruhusiwa kuhamia Oman 2020, akafia Muscat. Nikamtumia yule mzee WhatsApp. Akajibu sauti ya sekunde nne: "Haya sasa. Na Carter umemtia?"

Nilikuwa nimemtia.